Sura ya Kumi na Tisa

Umeme umekatika tena, mtaa mzima wa Jesús María,
nami nimeketi ngazi ya tatu, kiberiti kimebaki njiti nne.
Sikuwasha mshumaa.
Nimewasha hii.

Miaka ishirini na miwili imelala katika kijisanduku cha mwerezi
na kitambaa nilichokilowesha kila Jumapili,
kama mtu anayemnywesha mgonjwa
asiyepona wala kufa.

Usiivute kwa pupa. Moshi wake haushuki kifuani,
hii si sigara ya kituo cha basi.
Uweke kinywani kama neno unalotaka kulisema,
kisha ughairi.
Kwanza utaonja ngozi ya kiatu kipya,
halafu kahawa iliyoungua kidogo,
halafu, subiri,
udongo mwekundu wa San Luis kabla umande haujakauka.

Shangazi Obdulia alinifunza kwa makofi.
"Jani lina mishipa, nawe una mishipa. Sikilizaneni!"
Jani la kileleni, lililopigwa jua, ndilo kali.
La katikati ni harufu.
La chini ndilo linaloshika moto,
mnyonge asiyesifiwa, na bila yeye hakuna kiwakacho.
Kisha la nje, lililotawishwa chini ya vitambaa vyeupe kama mwali,
lisilo doa, la kuonekana na watu.

Babu wa babu yake Obdulia hakuwa na jina la ukoo,
alikuwa na namba katika daftari la shamba.
Na kabla yake wenyeji wa kisiwa hiki
walivuta moshi ili wazungumze na wafu wao,
mpaka wao wenyewe wakawa ndio wafu,
wageni wakabaki na moshi.

Wanasema penye moshi pana moto.
Mimi nasema pana mikono.

Meza yangu ilikuwa ya arobaini na moja.
Mbele, juu ya jukwaa, alikaa msomaji wetu,
Eleuterio Pedroso, miwani imefungwa kwa uzi.
Asubuhi magazeti: bei ya sukari, hotuba, tanzia.
Alasiri, hadithi.
Waliotutangulia walimlipa msomaji kwa senti zao wenyewe,
na gavana wa Hispania alipopiga marufuku kusoma
alijua vizuri anaogopa nini.
Sisi hatukupiga makofi. Tuligonga visu mezani,
visu mia mbili, chuma juu ya mbao,
na Eleuterio akainamisha kichwa kama askofu.

Mwaka ule alitusomea habari za binti wa mlinzi wa mnara wa taa.
Sura ya kumi na tisa, dhoruba, usiku, mlango unabishwa.
Baba yake yuko baharini siku ya nne.
Binti anaweka mkono kwenye komeo,
na Eleuterio akafunga kitabu, akakohoa, akasema, "Kesho."

Kesho hakuja.
Jumatatu tulimzika.
Msomaji mpya, kijana, akaja na kitabu kingine.

Nilikitafuta kile kwa wauza vitabu wote wa uwanjani.
Hakuna aliyekijua.
Mjane wake aliniambia, akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi,
kwamba nyumbani mwao hakikuwamo kitabu cha namna hiyo.

Za alasiri ile nilisokota tisini na sita.
Tisini na tano zilikwenda.
Huko Geneva bwana mmoja alikaa kitini, akafumba macho,
akasema anaonja kungumanga,
naye alikuwa anavuta dhoruba,
anavuta mkono wa msichana na pumzi zetu mia mbili tulizozizuia.

Hii ndiyo ya tisini na sita.

Jivu limefika urefu wa kifundo cha kidole, jeupe,
halijaanguka. Nilisokota vizuri.
Umeme umerudi. Mtaa unashangilia, majokofu yananguruma,
jirani Yusimí ananiita nikatazame tamthilia.
Siinuki.
Imebaki theluthi moja,
na komeo bado ni la baridi.